Kuonja bia ya porini iliyokomaa pipani na zabibu: mwongozo kamili kwa mwonjaji wa Kisumu, Nakuru na Magharibi

Mtu aliyekulia Bungoma, Siaya au Njoro hahitaji kufundishwa kunywa kitu kichachu. Uji wa wimbi uliochachishwa, mursik ya kibuyu, maziwa lala, busaa ya sherehe: vyote amevizoea tangu zamani. Hata hivyo, chupa ya bia ya porini iliyolazwa pipani na zabibu ikifika mezani, mara nyingi hufunguliwa ikiwa baridi kupita kiasi, humiminwa kwenye bilauri kubwa, hupigwa mafunda matatu, kisha watu husema imeharibika. Haijaharibika. Kilichotengenezwa kwa miaka miwili kimemalizwa kwa dakika kumi bila mtu kukionja.

Mwongozo huu ni wa mwenye chupa moja ya namna hiyo, labda aliyoletewa na jamaa kutoka Ubelgiji au Marekani, na anayetaka kujua kilichomo. Jambo kuu ninalotaka ujifunze ni kutenganisha uchachu mmoja na mwingine. Kuna uchachu wa maziwa, uchachu wa siki na uchachu wa zabibu yenyewe. Uzuri wa bia hii uko katika namna hiyo mitatu inavyokaa pamoja. Bia kali kuliko zote si lazima iwe bora kuliko zote, na wanaoshindana kutafuta iliyo chachu zaidi wanapoteza fedha zao.

Haya ni mambo ya watu wazima. Sheria ya Kenya hairuhusu kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18, na bia hizi mara nyingi zina kileo cha asilimia 6 hadi 8, kwa hiyo panga mapema nani ataendesha gari.

Kilichomo ndani ya chupa

Bia ya kawaida huchachushwa na hamira moja teule, Saccharomyces, kwa siku chache tu. Bia ya porini hukaribisha viumbe vingine. Kwenye bonde la mto Senne, karibu na Brussels, watengenezaji wa lambic, bia ya porini ya huko, humwaga maji ya kimea yaliyochemshwa kwenye beseni pana lisilo na kina, wakayaacha wazi yapoe usiku kucha katika miezi ya baridi. Hamira na bakteria wa hewani hutua humo. Cantillon, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1900 huko Anderlecht, bado kinafanya kazi hivyo. Wengine, hasa Marekani, hutia viumbe hao wenyewe kutoka kwenye maabara. Kisha bia huingia kwenye mapipa ya mwaloni, mengi yakiwa yamewahi kubeba mvinyo (lile la lita 225 ndilo la kawaida), ikakaa humo mwaka mmoja hadi mitatu.

Saccharomyces huanza kwa kula sukari nyepesi. Bakteria wanaoitwa Lactobacillus na Pediococcus hutoa asidi ya maziwa, ile ile iliyo kwenye lala. Brettanomyces, hamira ambayo Niels Hjelte Claussen wa maabara ya Carlsberg aliitangaza mwaka 1904 baada ya kuichunguza katika bia za Uingereza, hufanya kazi polepole kwa miezi na kula hata sukari ngumu ambazo hamira ya kawaida huziacha. Mbao za pipa nazo hupitisha hewa kidogo sana. Hewa ikizidi, bakteria wa siki hupata nguvu na kuanza kugeuza kileo kuwa siki.

Zabibu huingia baadaye, zikiwa zimepondwa na maganda yake, na hukaa kwenye bia kwa wiki kadhaa au miezi. Huleta sukari mpya inayoamsha uchachushaji tena, rangi, tanini (kile kinachokausha kinywa) ya maganda na mbegu, na asidi yake inayoitwa tatariki. Cantillon hutumia Merlot na Cabernet Franc katika bia yake ya Saint-Lamvinus, na zabibu nyeupe katika Vigneronne. Zabibu za mvinyo si ngeni kwetu pia: shamba la Morendat huko Naivasha, ndani ya Kaunti ya Nakuru, limetoa mvinyo wa Leleshwa kwa zabibu za Shiraz na Sauvignon Blanc. Ukipata chupa ya Leleshwa, inywe juma moja kabla ya bia hii ili pua yako ijue zabibu ikiwa peke yake.

Aliyewahi kuona busaa ikitengenezwa Kakamega ataelewa haraka. Unga wa mahindi huloweshwa ukaachwa uchache, hukaangwa juu ya bati, huchanganywa na maji na kimea cha wimbi, huachwa siku chache, kisha huchujwa. Bakteria wa asidi ya maziwa na hamira hufanya kazi bega kwa bega katika chungu kimoja. Kinachotofautiana ni muda na uzito. Busaa hunywewa ikiwa bado inachemka kwa uhai, nzito kwa wanga. Bia ya porini husubiriwa mpaka karibu kila kinacholika ndani yake kiliwe.

Hatua ya kwanza: fundisha ulimi siku moja kabla

Hatua hii wengi huiruka, nami naiona ndiyo yenye faida kuliko zote. Vifaa vyote vinapatikana sokoni Kibuye au dukani mtaani.

Chukua maziwa lala yasiyo na sukari, yachuje kwa kitambaa safi, na uhifadhi yale maji ya kijani hafifu yanayodondoka. Hicho ni kikombe cha kwanza. Cha pili, glasi ya maji yenye kijiko kimoja cha chai cha siki. Cha tatu, ukwaju uliolowekwa na kuchujwa, bila sukari. Ukwaju una asidi ya tatariki kwa wingi, ile ile inayotawala kwenye zabibu, na ndiyo sababu mtu wa huku hana haja ya kuwa na shamba la mizabibu ili kuijua. Cha nne, chai ya rangi ya Kericho iliyochemshwa mpaka ikawa nyeusi, ikaachwa ipoe bila sukari wala maziwa.

Onja moja baada ya nyingine, polepole. Maji ya lala huja taratibu, hutanda kinywani kote na kuondoka bila kukwaruza. Siki unaijua kabla haijagusa ulimi, kwa sababu hupanda puani, na ukimeza huchoma koo kwa juu. Ukwaju huuma ghafla na kukaza mashavu, mate yakatoka kwa wingi. Chai haina uchachu wowote, ila hukausha fizi na kuufanya ulimi uwe mkavu. Huo ukavu ndio tanini. Wanaoanza kuonja huuita ukali, wakauchanganya na asidi, na kuanzia hapo kila wanachoandika kinapotoka.

Sasa mwombe mtu akubadilishie vikombe ukiwa umefumba macho. Akishindwa kukudanganya, mwambie atie tone la siki kwenye maji ya lala, kisha aongeze kidogo kidogo mpaka uitambue. Kiasi hicho ni muhimu kukijua, kwa sababu ndani ya chupa siki huwa hivyo hivyo: imejificha nyuma ya asidi ya maziwa.

Hatua ya pili: itunze na uipoze kwa kiasi

Chupa iliyosafiri kwa ndege kisha kwa matatu hadi Kisumu imetikiswa vya kutosha. Isimamishe wima mahali pa giza kwa siku mbili au zaidi ili mashapo yatulie chini. Usiiweke dirishani, kwani mwanga huharibu harufu ya bia iliyo na hopsi (maua machungu yanayotiwa kwenye bia), hasa chupa ikiwa ya kijani. Usiiweke juu ya friji pia. Pale pana joto la mashine.

Joto zuri la kuonjea ni kati ya nyuzi 10 na 13. Friji ya nyumbani huwa karibu nyuzi 4, na katika baridi hiyo harufu hufungika, tanini na asidi zikabaki peke yake mbele, na bia ikaonekana kali na tupu. Itoe mapema. Nakuru, ambako mji uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na jioni huwa na ubaridi, nusu saa inafaa. Kisumu mchana, kwenye joto la nyuzi 29 au 30, robo saa hutosha, na kabla hujamaliza glasi bia itakuwa imefika nyuzi 20. Kwa hiyo chupa isubiri kwenye beseni la maji yenye vipande vichache vya barafu mpaka wakati wa kumimina. Stima zikipotea, beseni hilo pia litakuokoa. Kisichofaa ni kuipeleka chupa kwenye baridi na kuirudisha kwenye joto wiki baada ya wiki ukingoja siku kuu.

Hatua ya tatu: mahali, glasi na watu

Onja asubuhi kati ya saa nne na saa sita, kabla ya chakula cha mchana, wakati pua bado ina nguvu. Jiko la makaa liwe mbali. Omena inayokaangwa kwa jirani itakushinda, kwa hiyo chagua siku nyingine. Wageni wasijipulizie manukato, nawe usipige mswaki muda mfupi kabla.

Glasi ya mvinyo yenye tumbo pana na mdomo uliobana ndiyo bora. Ioshe, isuuze mara kadhaa mpaka harufu ya sabuni iishe, kisha suuza mara ya mwisho kwa maji ya kunywa yasiyo na klorini. Nusa glasi tupu. Ikinuka kabati au kitambaa, isuuze tena.

Chupa ya mililita 750 inatosha watu wanane, kila mmoja akipata takriban mililita 80, na kidogo kikabaki chini na mashapo. Wachache zaidi ni sawa, ila si lazima chupa iishe. Weka mezani maji yasiyo baridi na vipande vya ugali uliopoa, usio na chumvi. Ugali husafisha kinywa vizuri kuliko biskuti, ambazo huwa na sukari na mafuta.

Mzee akiwepo, mmiminie yeye kwanza na umwombe kwa heshima: "Mzee, hebu nusa kwanza kabla hujaonja, utuambie unachokiona." Usimtajie majina ya hamira wala bei ya chupa. Nimeshuhudia watu wazima wa Vihiga, waliozoea kunywa busaa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, wakitambua siki katika bia hizi kwa pua tu, kwa sababu busaa iliyopitisha siku zake hunuka hivyo. Ujuzi huo ni wa kuonja hasa, na vijana mezani wana mengi ya kujifunza kutoka kwake.

Hatua ya nne: kufungua na kumimina

Chupa hizi hubeba shinikizo kubwa. Zenye kizibo cha mti na waya, elekeza mdomo mbali na uso wa mtu, weka kidole gumba juu ya kizibo, fungua waya kwa kuzungusha nusu mizunguko sita hivi, na usiondoe kidole. Kisha shika kizibo kwa nguvu na uzungushe chupa, badala ya kuzungusha kizibo. Kitoke kwa mguno mdogo. Chupa nyingi za Ubelgiji zina kizibo cha bati juu na cha mti chini yake, kwa hiyo tafuta kizibuo mapema. Weka jagi safi karibu, maana nyingine hufoka. Futa mdomo wa chupa kwa kitambaa.

Panga glasi zote zikigusana, inamisha chupa polepole na uzijaze kwa mwendo mmoja, bila kuirudisha wima katikati. Kila unapoirudisha wima, mashapo huamka na wa mwisho hupata tope. Acha vidole viwili vya bia chini ya chupa. Hicho utakimimina mwisho kwenye glasi yake; kinaonjwa kando, kwa sababu mashapo ya hamira huleta ladha ya mkate na uchungu kidogo, na yanaweza kufunika kasoro ndogo.

Hatua ya tano: tazama

Hapa usikae sana. Zabibu nyekundu huleta rangi kati ya waridi na zambarau iliyoiva, nyeupe huleta dhahabu. Rangi ikielekea kahawia, huenda hewa imeingia. Povu kutoweka haraka si kasoro, ndivyo zilivyo nyingi za aina hii. Ukungu kidogo pia si kasoro.

Kinachotakiwa kukushtua ni bia inayovutika kama mrenda inapomiminwa. Huo ni utelezi unaoletwa na Pediococcus, na kwa kawaida Brettanomyces huusafisha miezi ikipita. Haina sumu, ila ilitiwa chupani mapema. Kama una chupa ya pili ya toleo hilo hilo, iache mwaka mmoja kabla ya kuifungua.

Hatua ya sita: nusa, na usiharakishe

Nusa mara ya kwanza bila kutikisa glasi, pua ikiwa juu ya mdomo wake tu. Andika neno moja. Kisha zungusha glasi juu ya meza, nusa tena kwa mivuto mifupi mitatu. Mara ya tatu funika glasi kwa kiganja, hesabu hadi kumi, ondoa kiganja na uvute pumzi. Katikati ya mivuto hiyo nusa mkono wako mwenyewe ili pua ipumzike.

Tafuta harufu kwa makundi, kila kundi likijibu swali la ilikotoka. Zabibu huleta matunda. Usilazimike kutaja matunda ya Ulaya ambayo hujawahi kuyala. Jamna zinazouzwa barabarani Kisumu, zile zambarau zinazotia ulimi rangi na kukausha mdomo, zinakaribia sana harufu na mkwaruzo wa zabibu nyekundu. Lokwati za Nakuru, mapera yaliyoiva na pasheni hukaribia zile nyeupe. Andika unachokijua. Anayesoma maandishi yako akiwa Kakamega atakuelewa.

Pipa huleta vanila, nazi na mbao mbichi. Pipa likiwa jipya harufu hizo hupanda sana, na mimi huona ni upungufu ukinusa nazi kabla ya zabibu. Pipa la zamani huachia kidogo tu, na kazi yake kubwa huwa kuwapa hamira nyumba.

Brettanomyces ndiye wa kuvumiliwa. Hutoa harufu za ngozi, nyasi kavu, karafuu, moshi hafifu, plasta ya hospitalini na zizi la ng'ombe. Mwenye kufuga hatashangaa: zizi safi lenye majani makavu halifanani na zizi lenye kinyesi cha juzi. La kwanza, likiwa hafifu nyuma ya matunda, huipa bia kina. La pili likitangulia, au plasta ikifunika zabibu zote, bia imepoteza uwiano na una haki ya kuandika hivyo hata kama chupa ilikuwa ghali.

Kundi la mwisho ni la uchachu na makosa. Asidi ya maziwa yenyewe haina harufu ya maana. Kwa hiyo ukinusa uchachu, uwezekano mkubwa unanusa siki. Kidogo huichangamsha bia. Ikiandamana na harufu ya dawa ya kutolea rangi ya kucha, tatizo ni kubwa zaidi, na glasi ya pili haitakuwa bora kuliko ya kwanza. Harufu ya siagi nayo hutoka kwa Pediococcus, na katika bia iliyokomaa vizuri Brettanomyces huwa ameshaimaliza.

Hivi ndivyo glasi ya zabibu nyekundu inavyoweza kwenda. Dakika ya kwanza, ikiwa karibu nyuzi 10, hupati ila ngozi na ubao uliolowa. Dakika ya tano, ukiizungusha, jamna hutokea, kisha kitu kama ganda la zabibu lililotafunwa. Dakika ya kumi na tano, ikiwa imeshika joto la kiganja, karafuu huinuka na ile ngozi hurudi nyuma. Kwenye nusu saa, Kisumu, kama ina siki basi siki itatangulia. Bia nzuri huwa bado inanuka matunda wakati huo.

Hatua ya saba: onja

Chukua funda dogo, kama kijiko cha mezani. Lizungushe lifike kwenye fizi na chini ya ulimi, vuta hewa kidogo kupitia midomo, kisha meza nusu na uteme nusu kwenye kikombe kama utaonja nyingi. Funda la kwanza lisihukumiwe, maana kinywa kinashtuka. Anza kuandika kwenye la pili.

Usihangaike na ule mchoro wa shule unaosema uchachu huonjwa pembeni mwa ulimi na utamu nchani. Si kweli. Kila sehemu yenye vionjio hutambua ladha zote. Fuata wakati badala ya mahali. Mwanzoni asidi ya zabibu huuma kama ukwaju wa jana. Katikati asidi ya maziwa hutanda na kulainisha. Mwishoni, baada ya kumeza, siki hujitokeza kooni kama ipo, na tanini hukausha fizi. Jiulize kila moja imetokea lini na imekaa muda gani. Ukiweza kuyajibu hayo mawili, umeshaonja vizuri kuliko wengi wanaojaza ukurasa mzima kwa majina ya matunda.

Utashangaa kwamba pua iliahidi utamu na ulimi haukuupata. Brettanomyces ameila sukari yote, ya kimea na ya zabibu, kwa hiyo bia ni kavu na nyepesi hata ikinuka kama jamu. Ukikuta utamu dhahiri, huenda kitu kimeongezwa baada ya kukomaa.

Kwa kipimo cha pH, ambacho namba ikishuka asidi imepanda, bia ya kawaida huwa kati ya 4.2 na 4.5, hizi mara nyingi hushuka hadi kati ya 3.2 na 3.6, sawa na mvinyo. Mwenye vidonda vya tumbo au kiungulia aridhike na kunusa. Ukimaliza, sukutua kwa maji, na usipige mswaki kwa nusu saa hivi, kwa sababu asidi hulainisha ganda la meno kwa muda.

Hatua ya nane: subiri panya

Kuna kasoro moja isiyonuswa kwenye glasi kabisa. Meza, kaa kimya, pumua kwa pua, na usinywe kitu kwa nusu dakika. Ikitokea ladha kama ya kizimba cha panya, au ya bisi zilizopitwa na siku, basi bia ina kile wataalamu wanachokiita THP. Asidi huificha. Mate yanapopunguza asidi kinywani, ndipo inapoachiliwa. Wapo watu wasioihisi kamwe, kwa hiyo mtu mmoja mezani akilalamika na wengine wasione chochote, usimkatalie. Paka matone mawili nyuma ya kiganja, sugua, subiri yakauke kidogo, unuse. Mara nyingi itajionyesha hapo.

Kasoro hii huweza kupungua yenyewe chupani miezi ikipita. Ndiyo maana chupa iliyotoka kiwandani hivi karibuni inaweza kukuvunja moyo, na mwenzake wa mwaka uliofuata akakufurahisha.

Chakula cha kuandamana nayo

Onja kwanza bila chakula, kisha na chakula. Iliyotengenezwa kwa zabibu nyeupe ipe ngege wa kukaanga kutoka Dunga: asidi hukata mafuta na kufanya kazi ambayo ndimu ingeifanya, kwa hiyo usikamue ndimu. Ya zabibu nyekundu usiiweke na samaki, kwa sababu tanini na samaki pamoja huweza kuacha ladha ya chuma kinywani. Ipe nyama choma ya mbuzi yenye mafuta kiasi, au kuku wa kienyeji aliyekaushwa kwa moshi wa taratibu kama wafanyavyo Magharibi. Managu na saget zilizolazwa kwenye maziwa pia huenda nayo vizuri mno, kwani uchungu wao na uchachu huo havigombani. Pilipili iwe mbali. Gesi na asidi huizidisha mpaka usionje kitu.

Kuandika, na kilichobaki

Andika mara tatu: mara tu baada ya kumimina, baada ya robo saa, na glasi inapokaribia kuisha. Taja jina la bia, mwaka ulio kwenye lebo, aina ya zabibu, joto la chumba na uliokuwa nao. Kisha toa hukumu kwa sentensi moja: uchachu upi ulitawala, na je, zabibu bado ilisikika? Alama za kumi kwa kumi hazinisaidii nikisoma maandishi ya mtu. Sentensi hiyo hunisaidia.

Chupa ikibaki robo, izibe kwa kizibo kinachobana na uirudishe kwenye friji ikiwa wima. Ionje kesho yake. Gesi itakuwa imepungua, na hapo pipa na maganda ya zabibu huonekana wazi kuliko jana. Baada ya siku mbili, kama haina ile harufu ya rangi ya kucha, imimine juu ya nyama ya mbuzi iliyokatwa, tia kitunguu saumu kilichopondwa na chumvi, funika, iache saa tatu au nne kabla ya kuiweka motoni. Siki usiongeze.